Kotonii ngapi, spinosamu ngapi: namna ya kupatanisha malengo yanayovutana

Mama yangu analima mwani kaskazini ya Pemba, upande wa Micheweni, tangu mimi sijaanza skuli. Mimi nasomesha hesabu sekondari, Wete. Likizo iliyopita alinikalisha jamvini, akaniwekea daftari lake mbele, akasema: "Mwanangu, wewe si ndiye mwenye hesabu? Haya, nambie. Nina kamba mia mbili. Nitie kotonii ngapi na spinosamu ngapi?"

Lile swali lilinichukua siku nne. Njia niliyopita nataka kuieleza hapa hatua kwa hatua, kwa sababu si ya mwani peke yake. Mwenye boti anayetaka kwenda mbio na petroli isiishe, fundi anayetaka nyumba yenye upepo kwa matofali machache, mwenye duka anayetaka bidhaa zisikauke rafuni na pesa zisilale ghalani, wote wana tatizo la namna moja: malengo mawili au matatu, na kila ukilivuta moja, jengine linakwenda mbali. Wataalamu wanaita uboreshaji wa malengo mengi.

Kwa asiyeujua mwani, maneno machache. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Aina zinazolimwa ni mbili. Spinosamu ni ngumu, inastahamili, lakini bei yake ni ndogo. Kotonii inalipwa zaidi, kwani ute wake hugandisha vyakula kwa nguvu na viwanda vinautaka, ila maji yakishika moto inapauka, inalainika na kukatika. Unakwenda bamvua linalofuata, zile siku ambazo maji yanatoka sana, unakuta taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zinaning'inia bila ya kitu. Mama ameyaona hayo si mara moja.

Anza kwa kuyatenga malengo

Swali langu la kwanza lilikuwa baya. Nilimuuliza: "Unataka pesa nyingi au unataka usalama?" Akanitazama, akanijibu: "Vyote." Na alikuwa na haki. Mtu hatakiwi kuchagua lengo kabla hajaona linamgharimu nini katika malengo yake mengine.

Kwa hiyo liache neno "pesa" na neno "usalama". Tafuta kitu kinachopimika. Tulipolipekua daftari, "pesa" iligawanyika mara mbili: pesa ya mavuno mazuri, na pesa ya mavuno mabaya, yale ya joto. Hizi ni mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inajenga choo na kulipa bati, ya pili inanunua unga. Ukizijumlisha ukatoa wastani umeshaipoteza habari yote. Lengo la tatu ni saa za kazi majini kwa kila bamvua, na hili tunataka lipungue.

Baada ya malengo, andika kile unachokiamua wewe. Hapa ni kimoja tu: idadi ya kamba za kotonii kati ya 200, zinazobaki ni spinosamu. Bei ya mnunuzi huiamui, joto huliamui, mwezi kuandama huuamui. Nimeona wanafunzi wangu, hata watu wazima, wakichanganya hapo, wakaweka katika hesabu mambo wanayoyatamani pamoja na mambo wanayoyafanya.

Kisha unganisha maamuzi na malengo kwa namba. Za kwetu nimezikata ziwe duara ili ufuate kwa urahisi. Bei hupanda na kushuka, wewe tia zako. Kamba moja ya spinosamu, mavuno mazuri, shilingi 800; mavuno mabaya, 600; kazi, dakika 3 kwa bamvua. Kamba moja ya kotonii, mavuno mazuri, 2,000. Mavuno mabaya, 200. Kazi, dakika 6, kwa sababu inataka kusafishwa tope na magugu mara kwa mara. Mavuno ni kama kila siku 45.

Toa zilizozidiwa

Sasa andika mipango kadhaa, mibaya na mizuri, bila ya kuhukumu. Yetu ilikuwa hii:

A. Spinosamu zote 200: mazuri 160,000, mabaya 120,000, saa 10.
B. Kotonii 50: mazuri 220,000, mabaya 100,000, saa 12 na nusu.
C. Kotonii 100: mazuri 280,000, mabaya 80,000, saa 15.
D. Kotonii zote 200: mazuri 400,000, mabaya 40,000, saa 20.

Jirani yetu alipita, akachungulia, akatuongezea wa tano. Yeye aliona kotonii 60 zitiwe karibu na ufukwe, kwenye tope, ili mama asitembee mbali. Huko kotonii haikui sana: tukakisia 1,500 kwa kamba mavuno mazuri, na joto likija haibaki kitu. Dakika ni zilezile 6, kwani kinachopungua kwa kutembea kinarudi kwa kuosha tope. Jumla: mazuri 202,000, mabaya 84,000, saa 13.

Uweke mpango huu ubavuni mwa B. B inatoa zaidi mavuno mazuri, inatoa zaidi mavuno mabaya, na inachukua saa chache. Hakuna hata lengo moja ambalo mpango wa jirani unashinda. Mpango wa namna hiyo tunasema umezidiwa, na unautoa hapohapo bila ya kujali nani anapenda nini. Mipango inayosalia, ile ambayo huwezi kuiboresha upande mmoja bila ya kuiharibu upande mwengine, inaitwa ukingo wa Pareto, kwa jina la Vilfredo Pareto, mchumi wa Kiitalia aliyefariki 1923.

Hatua hii usiiruke. Ni ya bure, haina ugomvi, na mara nyingi inatoa nusu ya karatasi.

Mpango wa sita aliuleta kaka yangu: kotonii 60 zipelekwe maji ya kina, kwenye ubaridi, na zifikiwe kwa mtumbwi. Si wazo la kubuni. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani hapa Zanzibar, amelihimiza kwa miaka mingi, kwa nyavu za mfano wa mrija badala ya kamba na vigingi. Tukapiga: kina kirefu kinaokoa kotonii, kwa hiyo mavuno mabaya kamba moja itatoa 1,000 badala ya 200. Lakini kazi ni dakika 12 kwa kamba, na mtumbwi wa kukodi 20,000 kwa mavuno. Jumla: mazuri 212,000, mabaya 124,000, saa 19. Haukuzidiwa na wowote. Kwa mavuno mabaya ndio bora kuliko yote, unaipita hata spinosamu tupu.

Nilifurahi. Nikamwambia mama: huu hapa. Akanyamaza kidogo, akafunga khanga yake, akasema: "Mwanangu, mimi kuogelea sijui."

Miaka yote hiyo baharini, na maji hayajawahi kumpita kifuani. Katika malengo yangu matatu hapakuwa na mstari wa hilo, na karatasi ilikuwa inakwenda kumpandisha mama yangu mtumbwini kwa sababu ya shilingi 4,000 za juu ya mpango A. Namba zote zilikuwa sahihi. Orodha ndiyo iliyokuwa pungufu. Tangu siku ile, mtu akikataa jawabu ambalo hesabu inalisifu, simbishii. Namuuliza ameona nini ambacho mimi sikukiandika. Mpango wa sita ukatoka.

Usiombe mtu akupe uzito

Vitabu vingi vinakuanzishia hapa: lipe kila lengo uzito, zidisha, jumlisha, chukua jumla kubwa. Ni rahisi kuandika kwenye programu, na ndiyo maana watu wanaipenda. Mimi pia nilianza hivyo, na nataka uone kilichonitokea, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea.

Nilichukua malengo mawili ya pesa tu. Nikayapa nusu kwa nusu. Programu ikajibu: kotonii zote 200. Mama hawezi kukubali hilo, mavuno mabaya yatamwachia 40,000. Nikapunguza uzito wa mavuno mazuri hadi 0.3, mabaya 0.7. Kotonii zote 200. Nikateremka 0.26. Bado 200. Nikafika 0.24, na ghafla: kotonii sifuri, spinosamu zote. Nikarudi katikati, 0.25 kamili, kila mpango ukatoa jumla ileile, 130,000, uwe na kotonii 10 au 190. Hakuna uzito hata mmoja uliosema "tia kidogo ya hii na kidogo ya ile", na mkulima yeyote wa pale kijijini angekwambia kwamba kuchanganya ndio akili.

Programu haikukosea. Fikiri jahazi lililopandishwa ufukweni na wewe una ubao ulionyooka. Ukiuegemeza ubao kwenye tumbo la jahazi lililovimba, unagusa pahala pamoja. Ukiuinamisha kidogo unagusa pengine. Inama ya ubao ndiyo uzito. Lakini ukiuegemeza kwenye ukuta ulionyooka, ama unalala mzima mzima, ama unagusa pembe tu. Na ukuta ukiwa na bonde, ubao unapita juu yake, chini haufiki hata uuinamishe vipi. Ukingo wetu umenyooka, kwani kila kamba unayoibadilisha inaongeza 1,200 na kupunguza 400, ya kwanza sawasawa na ya mwisho. Ndiyo maana jawabu likaruka kutoka pembe hadi pembe.

Kuna jambo jengine lililojificha ndani ya uzito. Mavuno mazuri yanacheza kati ya 160,000 na 400,000, tofauti ya 240,000. Mabaya yanacheza kati ya 40,000 na 120,000, tofauti ya 80,000. Kwa hiyo "nusu kwa nusu" yangu haikuwa nusu kwa nusu: lengo lenye tofauti kubwa lilimeza jengine mara tatu. Ukitaka kujumlisha malengo ya vipimo tofauti, kwanza gawa kila moja kwa tofauti yake, ili yote yacheze kati ya 0 na 1. Nikafanya hivyo. Pahala pa kuruka pakahama kutoka 0.25 hadi 0.5, na kuruka kukabaki palepale. Kusawazisha vipimo ni wajibu, lakini hakulivimbishi jahazi lisilovimba.

Weka sakafu na dari

Njia iliyotutoa ni hii: lichague lengo moja la kulivuta, na mengine uyape mipaka. Wataalamu wanaijua tangu mapema miaka ya 1970, na wakulima tangu zamani.

Nilimuuliza mama: "Mavuno yakiwa mabaya kabisa, chini ya shilingi ngapi huwezi kulala?" Hakufikiri. "Tisini." Unga, mafuta, ada ya mdogo wangu, dawa ya bibi. Hiyo ndiyo sakafu. Kuhusu saa: bamvua moja lina siku kama tano ambazo maji yanatoka vya kutosha, na kila siku saa tatu hivi za kufanya kazi kabla hayajarudi. Saa 15. Hiyo ndiyo dari, na bahari haikubali kubembelezwa.

Sasa hesabu ni fupi. Mavuno mabaya ni 120,000 ukitoa 400 kwa kila kamba ya kotonii, na yasipungue 90,000. Kwa hiyo kotonii zisizidi 75. Saa ni dakika 600 ukiongeza 3 kwa kila kotonii, na zisizidi 900; kwa hiyo zisizidi 100. Kinachobana ni sakafu ya unga. Kotonii 75, mavuno mazuri 250,000, mabaya 90,000, saa 13 na dakika 45.

Usiishie hapo. Mpaka unaobana una bei, na bei yake mwenye jambo anapaswa aijue. Kwetu, kila 1,000 utakayoiteremsha sakafu inaruhusu kotonii mbili na nusu zaidi, nazo zinaongeza 3,000 mavuno mazuri. Moja kwa tatu. Hilo ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu: "Uko tayari kuiachia elfu moja ya mavuno mabaya upate elfu tatu za mavuno mazuri?" Muulize mtu "uzito wako ni 0.37 au 0.41" na utamwona anakisia ili akuridhishe.

Ipo njia ya tatu, nzuri pale ambapo huna mtu wa kukutajia sakafu. Andika hali bora ya kila lengo, hata kama haziwezekani pamoja: hapa 400,000 na 120,000. Kisha kwa kila mpango tazama ni lengo gani liko nyuma zaidi ya ubora wake, kwa kipimo kilichosawazishwa, na uchague mpango ambao wa nyuma kabisa hakuachwa mbali. Kwetu inatoa kotonii 100: kila lengo limepoteza nusu ya masafa yake. Njia hii inaingia hata kwenye mabonde ambayo ubao haufiki. Lakini haijui kwamba chini ya tisini watu hawali, kwa hiyo kwetu ilibaki kuwa ya kulinganishia tu.

Mwenye malengo mengi na maamuzi mengi, mamilioni ya mipango, hatapiga kwa daftari. Kuna algoriti, yaani hatua za hesabu zinazofuatwa na kompyuta, za kuzalisha mipango, kuichuja iliyozidiwa na kuichanganya iliyobaki, kizazi baada ya kizazi. Maarufu ni NSGA-II, aliyoitoa Kalyanmoy Deb na wenzake mwaka 2002, na unaipata bure katika Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye maktaba ya pymoo. Tahadhari moja: malengo yakipita matatu au manne, karibu kila mpango unakuwa haujazidiwa, na kuchuja hakuchuji tena. Punguza. Lengo lenye kiwango cha kutosha lifanye mpaka.

Lijaribu jawabu kabla hujalitia majini

Kotonii 75. Mama akacheka kidogo: shamba lake lina vitalu, kila kitalu kamba 20. Hachanganyi aina mbili kitaluni. Kwa hiyo ni 60 au 80.

Sitini: mazuri 232,000, mabaya 96,000, saa 13. Themanini: mazuri 256,000, mabaya 88,000, saa 14. Themanini imevunja sakafu kwa 2,000, na mimi nilikuwa nimeshaifuta. Mama akanizuia mkono. "Elfu mbili naibeba, nina kibati cha kuchangiana pesa na wenzangu." Sakafu niliyoiona ya saruji, kwake ilikuwa ya udongo, inabonyea kidogo. Hilo pia liulize kila mara: mpaka huu unavunjika, au unabonyea? Dari ya saa za bahari haibonyei. Sakafu ya pesa ilibonyea.

Basi tukaelekea 80. Kabla ya kulala nikafanya jambo la mwisho, ambalo ningelifanya mwanzo: nikazitikisa namba zangu. Ile 200 ya kotonii mavuno mabaya niliitoa wapi? Ni wastani wa mavuno matatu mabaya daftarini. Nikayatazama moja moja. Mawili kotonii ilibaki kidogo. Moja ilikuwa sifuri. Nami nilikuwa nimeanza kwa kukataa wastani wa mavuno mazuri na mabaya, kisha nikauingiza wastani huohuo kwa mlango wa nyuma.

Nikarudia kwa sifuri. Kotonii 80, mabaya yanashuka kutoka 88,000 hadi 72,000. Kotonii 60, yanashuka kutoka 96,000 hadi 84,000. Asubuhi nikamwekea mama mistari hiyo miwili tu, bila ya kumwambia langu. Akaweka kidole kwenye 84. "Sita naibeba. Kumi na nane siibebi."

Vitalu vitatu vilifungwa kotonii bamvua lililofuata. Nilimchorea daftari jipya: tarehe, kitalu, kilo kavu, saa za majini, ili mavuno yakija tutie namba za kweli mahali pa makisio na tupige upya. Nilipokwenda mwisho wa mwezi kulitazama, nilikuta ameongeza safu ya tano kwa kalamu yake mwenyewe, pembeni kabisa. Kichwa chake ameandika "mgongo", na chini yake alama: siku za spinosamu kijistari kimoja, siku za kotonii viwili, siku moja vitatu.